Miche Isiyo na Majina

Masika yaingiapo, walimu humiminika vitaluni kununua miche ya shule. Ajabu ni kwamba hata Mombasa, kitovu cha Kiswahili, vibao nilivyosoma viliandikwa Kiingereza, kana kwamba mwarobaini, mkwaju na mvule haikupewa majina na wahenga! Hili si suala la fahari tu. Asiyelijua jina hawezi kuuliza mti utakuwa mkubwa kiasi gani. Mvule hupita mita 30; ukiatikwa ubavuni mwa darasa, ukuta utakuja kulipa. Naam, kuatika: kuhamisha mche kutoka kitaluni, kitenzi ambacho "kupanda" kimekimeza. Walimu, wapelekeni wanafunzi vitaluni kabla ya vuli ya Oktoba, wawaombe wenye vitalu ruhusa ya kuviandika vibao upya.