Nywila Pekee Haitoshi

Mwanafunzi, katika mada ya kanzidata umejifunza kwamba nywila hulinda taarifa. Ni kweli, lakini kwa maoni yangu hilo ni nusu ya jibu.

Tuseme zahanati moja huko Marangu ina jedwali la wagonjwa lenye safu wima nne: jina, kijiji, simu na ugonjwa. Safu ya ugonjwa ni nyeti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi hilo.

Karani anayewakumbusha wagonjwa siku ya kliniki anahitaji jina na simu tu. Mwandishi wa programu akiandika SELECT *, safu zote huletwa, ugonjwa ukiwemo. Nywila ya karani ni halali, lakini siri imetoka. Hata ukitafuta neno "ugonjwa" kwenye msimbo hutaliona, kwa sababu limefichwa na ile nyota.

Kwa hiyo msimbo ukaguliwe kabla programu haijaanza kutumika. Kila mahali panaposomwa safu nyeti paorodheshwe pamoja na sababu yake. Pasipo na sababu pafutwe. Siri ikishafika soko la Mwika, hakuna sheria itakayoirudisha.

Ukiulizwa namna ya kulinda kanzidata, usiishie kwenye nywila. Taja na ukaguzi huu.