Mchicha Usio na Risiti

Miezi michache iliyopita nilialikwa kwenye semina ya lishe mjini Chake Chake. Ofisi iliyoiandaa sitaitaja, kwa sababu kosa lililotendeka pale ni la wengi, na mimi nilikuwamo. Ukutani palitundikwa bango lenye picha ya sahani, nusu yake ikiwa imefunikwa na majani ya kijani. Saa nne tukaletewa chai ya sukari, maandazi na biskuti. Mchana ukaja wali wa pilau, kuku wa kukaanga, soda baridi, na vipande viwili vya tango kwa kila mtu. Hiyo ndiyo iliyokuwa mboga yetu.

Kando yangu alikaa mama wa makamo kutoka Wesha, aliyeitwa awe mwakilishi wa jamii. Alikuwa ametoka alfajiri na kapu la mchicha, akauza mafungu machache sokoni, kisha akaja kutusikiliza. Kapu lilikuwa chini ya kiti chake, na majani yalikwisha kuanza kunyauka. Alilitazama bango, akaitazama sahani yake, akaniinamia na kuninong'oneza: "Mwalimu, hawa wanaotuhimiza tule majani, wao hawayali?"

Nilicheka. Baadaye, nilipomwona akilibeba kapu lile lile kurudi nalo Wesha, kicheko kiliniganda kooni.

Hoja yangu ni hii: serikali, chuo au asasi inayofundisha lishe kwa biskuti haina haki ya kumwonya mwananchi juu ya chakula chake. Mboga ya majani ni jambo la siasa kabla ya kuwa jambo la jikoni. Ni siasa ya nani ananunuliwa na nani anahubiriwa.

Wesha ipo kilomita chache tu magharibi ya Chake Chake. Wengi wetu tunaijua kwa bandari yake na kwa boti zinazokwenda Kisiwa cha Misali. Tunakwenda kule kutafuta samaki, mafuta na safari. Mara chache tunakumbuka kwamba nyuma ya nyumba zake, kama ilivyo katika shehia nyingi za Pemba, kuna matuta ya mchicha, mtoriro wa viazi vitamu, msusa uliotambaa juu ya ua, na mihogo inayotoa kisamvu. Kati ya mimea hiyo huota mchunga, ambao hakuna aliyeupanda na hakuna anayeusifu.

Dharau yetu kwa majani ina historia. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki kuubeba uchumi wa karafuu. Tangu hapo kisiwa hiki kimezoeshwa kutazama kile kinachosafirishwa na kudharau kile kinacholiwa. Karafuu ilipata sheria, maghala na walinzi. Mchicha haukupata hata karani wa kuuandika. Kisha ikaja njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati uagizaji wa chakula ulipobanwa na watu wakalazimika kuishi kwa walichokichimba na walichokichuma. Wazee walioipitia wanajua ladha ya jani linaloliwa kwa kukosa kingine. Siwalaumu wakiona kwamba wali mweupe mezani ni alama ya heshima na majani ni alama ya dhiki. Ninaowalaumu ni sisi tuliosoma, tuliorithi dharau hiyo bila kuirithi njaa iliyoizaa.

Tazama mfano mmoja. Kuna jani chungu kidogo, lenye ukali kama wa haradali, ambalo Wamarekani huliita arugula na Waarabu huliita jirjir. Warumi wa kale walilila, na leo Maskati hulikuta limewekwa bichi kando ya samaki na wali. Jamaa zetu walioko Oman hulila kwa furaha, na sisi tukilikuta katika hoteli ya kitalii tunalilipia bila kunung'unika. Lakini mchunga wa kwetu, ambao uchungu wake una undugu na uchungu huo, tunauita jani la maskini. Uchungu ni mmoja. Kilichobadilika ni sahani na bei.

Nikisema upishi wa majani ni mwepesi, nieleweke vizuri. Fungu la mchicha huoshwa kwa maji safi mara mbili au tatu hadi mchanga uishe. Kitunguu na nyanya hukaangwa kidogo, majani hutiwa, chumvi hufuata, na tui la nazi humiminwa mwishoni, likichemka tu basi. Mchunga huchemshwa kwanza kupunguza uchungu, kisha huungwa kwa nazi. Ndimu hukamuliwa mezani. Bibi zetu hawakusoma biokemia, lakini mkono wao haukukosea: mafuta ya nazi husaidia mwili kufyonza vitamini A iliyomo katika majani, na ndimu, kwa vitamini C yake, husaidia mwili kuchukua madini ya chuma ambayo katika mboga hufyonzwa kwa shida. Kisamvu kina kanuni yake. Majani ya muhogo yana sumu, na kuyatwanga vizuri kisha kuyachemsha kwa muda mrefu ndiko kunakoiondoa. Wepesi wa upishi huu umetokana na ujuzi wa vizazi.

Nao ujuzi huo unahitajika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na Zanzibar kiwango kilikuwa juu zaidi ya hapo. Sitadai kwamba mchicha peke yake utaimaliza hali hiyo. Malaria, minyoo na uzazi wa karibu karibu vina sehemu yao, na mama mjamzito aendelee kumeza vidonge anavyopewa kliniki. Lakini Pemba yenyewe iliufundisha ulimwengu kuwa kidonge nacho kina mipaka. Utafiti uliofanyika hapa kwa watoto wadogo, ukachapishwa mwaka 2006 katika jarida la The Lancet, ulionyesha kuwa kuwapa watoto wote madini ya chuma na foliki kila siku, mahali penye malaria nyingi na bila kujua nani anayahitaji, kuliongeza hatari ya kulazwa hospitali na kufa. Sehemu hiyo ya utafiti ilisitishwa. Watoto waliokuwa na upungufu wa kweli walinufaika. Kwa hiyo dawa impate anayeihitaji, na chakula kimfikie kila mtu. Hilo la pili ndilo tuliloliacha kwa mabango.

Nilipomuuliza ofisa mmoja kwa nini mchicha wa Wesha haukununuliwa kwa ajili ya semina ile, alijibu bila kusita: "Hawana risiti." Ni jibu la kweli, na ndiyo maana linatisha. Utaratibu wetu wa ununuzi unalitambua boksi la biskuti lililovuka bahari, kwa kuwa lina risiti ya kielektroniki, na haulitambui kapu lililovuka kilomita chache kichwani mwa mwanamke. Utaratibu huo uliandikwa na watu, na watu wanaweza kuuandika upya. Wanawake kumi wakijiunga katika ushirika mdogo wanaweza kuwa na risiti moja. Kinachokosekana ni ofisa atakayeona kwamba kuwasajili ni kazi yake.

Wapo watakaoniambia kwamba ninawatukuza wanawake ili waendelee kuinama. Pingamizi hilo lina uzito. Kutwanga kisamvu, kukuna nazi na kuteka maji ya kumwagilia ni saa nyingi za kazi isiyolipwa. Kila mwanamume anayehubiri chakula cha asili, nami nikiwa wa kwanza, aulizwe mara ya mwisho aliposhika mchi ilikuwa lini. Sitaki mama wa Wesha aheshimiwe kwa maneno. Nataka alipwe. Nataka bonde analolima lisigeuzwe kiwanja siku ambayo mwenye fedha atalitamani, na mfereji ufike bustanini kwake kama unavyofika katika ofisi zetu.

Zanzibar ina Sheria ya Usalama wa Chakula na Lishe tangu mwaka 2011, na sheria hiyo inatambua kuwa chakula ni haki. Haki haitimizwi kwa bango. Kwa hiyo ninasema na makundi matatu. Watumishi wa umma: semina ijayo ya lishe Pemba iwe na mchicha, mtoriro au mchunga sahanini, ulionunuliwa kwa mwanamke wa shehia iliyo jirani, na jina la shehia hiyo liandikwe katika hesabu za semina. Wanaharakati: acheni kuhesabu idadi ya waliohudhuria, anzeni kuhesabu fedha zilizobaki kijijini baada ya mafunzo. Wanafunzi wangu: kabla ya kuandika tasnifu juu ya tabia za ulaji za kaya maskini, andikeni ukurasa mmoja juu ya tabia za ulaji za ofisi tajiri.

Mimi nimejiwekea sharti: sitaketi tena kwenye semina ya lishe itakayonilisha biskuti. Nikialikwa, nitauliza kwanza mboga inatoka wapi. Yule mama aliniuliza swali moja tu, nami nilimjibu kwa kicheko. Anadai jibu bado, na deni hilo ni letu sote tuliokula pilau ile huku kapu lake likinyauka chini ya kiti.