Taamuli si Panadol ya wafanyakazi

Hivi mnajua taamuli hii inayouzwa leo kwenye simu ilitoka wapi? Mwaka 1885 Waingereza waliteka Mandalay, wakamng'oa mfalme wa Burma, mlinzi wa dini ya Budha. Mtawa Ledi Sayadaw akaona dini ikiachiwa watawa peke yao itakufa. Akawafundisha watu wa kawaida kutafakari.

Mafundisho yakapokezanwa hadi kwa S. N. Goenka, aliyeanza kufundisha India mwaka 1969. Kozi yake ni siku 10 za kimya, bila ada. Lakini kabla ya kufumba macho unaahidi: sitaua, sitaiba, sitafanya ngono, sitasema uongo, sitalewa.

Sasa makampuni yamechukua pumzi, yakazitupa ahadi. Mfanyakazi anapunjwa mshahara, anakeshea kazi, halafu anaambiwa: vuta pumzi, tulia. Jamani! Sikatai, kutafakari kunatuliza. Ila kama taamuli ni kuyaona mambo yalivyo, basi wa kwanza kukaa mkekani awe bosi. Tena aanze na ile ahadi ya pili: sitaiba.

Au mwasemaje?