Mlo wa kutafuta mtoto: Eastlands wanauziwa nini?

Ukipita mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Majengo ya Pumwani ambako wengi wetu tuna jamaa, hadi Umoja, Kayole na Dandora, nguzo za stima zimebandikwa matangazo ya dawa za kupata mtoto. Wapo pia wanaouza unga wa mbegu, chai za majani na “mlo maalumu” wa kujiandaa kwa upandikizaji mimba, yaani IVF. Wateja hawakosekani. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo la uzazi maishani. Watoto wa kwanza wa IVF nchini Kenya walizaliwa mwaka 2006, na hadi leo jaribio moja hula laki kadhaa.

Chakula kina nafasi yake, tusikatae. Utafiti wa Athens, Ugiriki, uliochapishwa mwaka 2018, ulifuatilia wanawake 244 waliokuwa wakifanyiwa IVF. Waliokula zaidi mboga, kunde, samaki, matunda na mafuta ya zeituni walijifungua kwa asilimia 48.8, waliokula hivyo kwa uchache, asilimia 26.6. Lakini tofauti hiyo ilionekana kwa walio chini ya miaka 35 tu. Mwaka uliofuata, utafiti wa Italia haukuona uhusiano wa wazi.

Na huo mlo wa Wagiriki si mgeni kwetu. Ndengu, maharage, omena, mchicha na parachichi vinapatikana kwa mama mboga wa Kayole, kama vile mbaazi na samaki vilivyo kwetu pwani. Asiyekuwa navyo mezani ni yule anayeishi kwa chipsi na soda kwa sababu anarudi nyumbani usiku.

Ila chakula hakizibui mirija ya uzazi. Katika sehemu kubwa ya Afrika, mirija iliyoziba kutokana na maambukizi ni sababu kuu ya mwanamke kukosa mimba. Huyo akinywa chai ya majani miaka miwili, mirija itabaki vile vile huku umri unasonga, na umri ndio unaoamua mengi katika IVF. Hapo ndipo muuzaji anapomdhuru mteja wake, hata kama chai yenyewe haina sumu.

Halafu mama mkwe humpikia mkaza mwana peke yake, mume akiachwa na sigara zake. Mbegu za kiume nazo hupimwa, na kipimo hicho ni rahisi kuliko vyote. Huko Marekani, wanandoa 2,370 walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020: wanaume waliopewa vidonge vya zinki na asidi ya foliki hawakupata watoto zaidi ya wenzao. Wanaouziwa vidonge hivyo kwa bei ya juu pale mtaani wajue hilo.

Kwa mwanamke, asidi ya foliki ni jambo jingine. Mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia kabla ya mimba, humkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti uongezewe madini na vitamini, foliki ikiwemo. Mahindi ya kusagisha kwenye posho mill, wanayokula wengi Eastlands, kwa kawaida hayaongezewi kitu. Anayekula ugali huo aulizie vidonge hivyo kwenye kituo cha afya.