A ya Darasani na Hesabu ya Ndizi

Nimetoka Kisiba, kule Rungwe, na nimerudi na jambo linalonikera. Naomba nilitoe.

Binamu yangu amemaliza stashahada ya biashara kwenye chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mama mdogo aliuza ng'ombe wawili ili amlipie ada. Kwenye uhasibu wa gharama kijana ana A. Jioni moja mama akamwomba ampigie hesabu ya ndizi anazotaka kupeleka Dar es Salaam: mikungu 100, anunue kwa sh. 8,000 kila mmoja, auze kwa sh. 13,500. Binamu akatoa simu, akabonyeza: faida sh. 550,000!

Mama akacheka. "Na lori je, mwanangu? Na vibarua? Na zitakazooza njiani?" Wakaanza upya. Lori sh. 300,000, vibarua na ushuru sh. 60,000, mikungu 10 ioze. Faida ikabaki sh. 55,000.

Binamu si mjinga. Nilimuuliza mtihani wao ulikuwaje. "Taja aina tano za gharama. Eleza umuhimu wa bajeti." Alizitaja, akaeleza. A yake ni halali kabisa, ila ilipima kumbukumbu. Hakuna aliyewahi kumpa lori na ndizi zinazooza.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mara nyingi mtihani unatumika kuwapanga wanafunzi: huyu kapasi, yule ana sapu. Kisha karatasi zinakwenda stoo. Ni nani anayezisoma tena ili kujua kama mtaala wenyewe umepasi?

Kazi yenyewe si ngumu. Chuo kiandike kwa maneno ya kawaida: mhitimu wetu lazima aweze kupata gharama kamili ya bidhaa. Kimpe kazi inayopima jambo hilo hilo. Kisha kisiishie kwenye alama ya jumla, kihesabu makosa. Kama nusu ya darasa imesahau hasara ya njiani, tatizo si uvivu wa nusu ya darasa. Mada imefundishwa vibaya, au haikupewa muda, au haimo kabisa kwenye mtaala. Rekebisha, halafu mwakani pima tena. Bila kupima tena hutajua kama umetengeneza au umebadilisha jalada tu.

Wala si ndoto ya Ulaya. NECTA wamekuwa wakitoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, zikionesha walipokosea na kwa nini. Nje, AACSB, chombo cha Marekani kinachotoa ithibati kwa shule za biashara, kiliweka kwenye viwango vyake vya 2003 sharti la shule kuonesha kwamba wanafunzi wanajifunza kweli kile ilichoahidi. Na mitaala ya vyuo vyetu vya kati tayari imeandikwa kwa lugha ya umahiri. Lugha tunayo, bado mtihani uifuate.

Najua wahadhiri watasema madarasa yamejaa, muda hakuna. Kweli. Lakini si lazima uchambue karatasi zote 300. Chukua 30 bila kuchagua, kaeni wawili watatu mchana mmoja, mtaona makosa yanavyojirudia. Na tafadhali, matokeo hayo yasitumike kumfukuza mwalimu, maana ataanza kutunga maswali mepesi na tutarudi pale pale.

Mama mdogo hajawahi kukaa darasa la biashara, lakini alimpa binamu swali ambalo chuo hakikumpa. Bahati nzuri aliulizwa jikoni, kabla lori halijapakiwa. Wangapi wanaulizwa baada ya mkopo wa benki?

Nyie mliosoma biashara, mtihani wenu uliwapima nini? Semeni ukweli.