Mzigo wa Dola na Mtihani wa Marais wa Marekani

Tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, kila anayeingia Ikulu ya Washington hukuta mezani majalada mawili. La kwanza lina ahadi alizowapa wapiga kura: kazi, bei nafuu, matibabu na kodi ndogo. La pili lina majeshi, kambi na mapatano ya ng'ambo. Wananchi huyaona kuwa mambo mbalimbali. Kwa kweli yote hulipiwa kutoka mfuko mmoja, na hapo ndipo ulipo mtihani uliowashinda marais wengi.

Lyndon Johnson aliuonja uchungu wake. Mwaka 1964 alitangaza vita dhidi ya umaskini nchini mwake, na mwaka 1965 akaanzisha mpango wa matibabu kwa wazee. Mwaka huo huo alipeleka Vietnam vikosi vya kupigana. Kufikia mwaka 1968 askari wa Marekani huko walizidi nusu milioni. Kwa muda mrefu alisita kuomba kodi ya kulipia vita, akichelea kwamba Bunge lingezikata fedha za mipango ya maskini. Kodi ya nyongeza ya asilimia 10 ilipitishwa Juni 1968, bei zikiwa zimekwisha kuanza kupanda na yeye akiwa amekwisha kutangaza kwamba hatagombea tena. Mshika mawili moja humponyoka. Johnson yalimponyoka yote mawili.

Richard Nixon alirithi deni hilo. Dola zilizotapakaa ng'ambo zilikuwa zimezidi dhahabu iliyokuwamo katika hazina ya Marekani. Agosti 15, 1971, bila kushauriana na serikali rafiki, alitangaza kwamba dola haitabadilishwa tena kwa dhahabu kwa bei ya dola 35 kwa wakia, kinyume cha utaratibu uliotokana na mapatano ya Bretton Woods ya mwaka 1944. Nchi zilizoweka akiba zao kwa dola zilijikuta zimeshika karatasi ambayo thamani yake ilitegemea uamuzi wa Washington.

Ndipo ukaja mfano ulio mzito kuliko yote. Wakati wa Jimmy Carter mafuta yalipanda bei baada ya mapinduzi ya Iran, na mwaka 1980 mfumuko wa bei nchini Marekani ulipita asilimia 13. Wamarekani 52 walishikwa mateka Tehran kwa siku 444. Benki Kuu ya Marekani, chini ya Paul Volcker, ilibana fedha mpaka riba ikakaribia asilimia 20. Carter alishindwa katika uchaguzi. Mfumuko wa bei ulitulia baadaye, lakini dawa hiyo ilinywewa pia na watu ambao hawakuwa na kura Marekani. Nchi zilizokuwa zimekopa kwa dola ziliona riba ikiongezeka huku bei za mazao yao zikianguka. Agosti 1982 Mexico ilitangaza kwamba haiwezi kulipa. Katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini na Afrika, walimu na wauguzi walilipa kwa mishahara iliyopungua thamani, na watoto kwa madarasa yasiyo na vitabu.

Yapo maelezo kwamba deni si hoja kwa taifa ambalo fedha yake hutumiwa na dunia nzima. Yana ukweli kiasi: dola huiwezesha Marekani kukopa pale ambapo nchi nyingine ingefilisika. Lakini uwezo huo ndio unaowafanya marais waahirishe uchaguzi mgumu. Ronald Reagan alipunguza kodi na kuongeza silaha, na deni la taifa likakaribia kuwa mara tatu. George W. Bush aliingia vitani Iraq mwaka 2003 na mwaka huo huo akapunguza kodi tena. Kwamba njia nyingine ipo, ilionekana kati ya 1998 na 2001, bajeti ilipokuwa na ziada. Bill Clinton alikuwa amepandisha kodi mwaka 1993, na kwisha kwa Vita Baridi kulipunguza gharama za majeshi.

Leo mzigo umezidi. Deni lilipita dola trilioni 36 mwishoni mwa mwaka 2024, na katika mwaka wa fedha huo riba peke yake ilizidi matumizi ya ulinzi. Joe Biden aliona mfumuko wa bei ukifika asilimia 9.1 Juni 2022, na chama chake kikashindwa mwaka 2024. Donald Trump alitafuta njia katika ushuru wa forodha. Aprili 2025 alitangaza ushuru kwa bidhaa za karibu nchi zote, na Lesotho, inayoshona nguo kwa ajili ya soko la Marekani, ikatajiwa asilimia 50. Agosti ilishushwa hadi 15, lakini kwa miezi hiyo washonaji wengi hawakujua kama kesho watakuwa na kazi.

Dawa ya deni ni kulipa. Washington imeahirisha mara nyingi kujibu ni nani atakayelipa, na kila ilipoahirisha, sehemu ya hesabu ilipelekwa kwa wasiokuwapo wakati deni lilipokopwa. Kwa hiyo habari ya riba au ushuru wa Marekani isisomwe kama habari ya Wamarekani peke yao.