Bomba Kuu Likiziba, Afya Iko Hatarini
Ukivuta maji ya choo kisha uchafu ukachomoza bafuni, tambua kwamba lililoziba ni bomba kuu la majitaka, si sinki lako. Wapangaji wote waache kumwaga maji mara moja, na fundi afungue shimo la nje azibue kwa waya. Uchafu huo unaweza kubeba viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Watoto wasiukanyage, sakafu isuguliwe kwa sabuni, kisha klorini.

Wako wenye nyumba wasemao hiyo ni shida ya mpangaji. Nakataa. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huhesabu mtaro mchafu kuwa kero inayodhuru afya. Mwenye nyumba akikawia, mwiteni Bwana Afya.